Siku Baba Alipomwacha Nguruwe Apite

Nikinusa mafuta ya mgando yenye harufu ya waridi, nakumbuka nguruwe pori. Najua ni jambo la ajabu. Wenzangu katika zahanati ninayofanya kazi huku Getanuwas, wilayani Hanang, hufungua kopo la mafuta hayo kupaka mikono iliyokauka kwa baridi ya Juni, na wao, nadhani, wananusa Jumapili, watoto wachanga, pengine harusi. Mimi nanusa korongo lililo chini ya shamba letu kule Nambis, Mbulu. Nanusa matope meusi na mbwa waliolowa umande, na naona watu wazima kumi na wawili wamesimama kimya wakinitazama.

Ngoja nieleze taratibu, maana bila kuelewa jinsi tulivyowinda hamtaelewa kwa nini kisa hiki bado kinaniuma.

Nilikuwa na miaka kumi, niko darasa la nne. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko, na chini yake palikuwa na korongo lenye kichaka kizito cha miiba na miti iliyosongamana. Humo ndimo nguruwe pori walimolala mchana. Giza likiingia walipanda shambani, wakaangusha mabua ya mahindi kwa kifua, wakala nusu ya hindi, wakaliacha na kuhamia jingine. Hilo la kuacha nusu ndilo lililomuudhi mama kuliko yote. Alisema wangekula wakamaliza, angalau angejua walikuwa na njaa.

Mwaka huo walikuja wengi. Familia tano tulikuwa na mashamba kuzunguka korongo lile, na kila asubuhi tulihesabu mistari iliyolala chini. Mahindi yalikuwa yameanza kukomaa, yanahitaji wiki chache tu kukauka. Hayo ndiyo yalikuwa ugali wetu hadi mwaka unaofuata. Hapakuwa na mengine.

Silaha ilikuwa moja: gobore la babu, lile la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Babu alipofariki lilimjia baba kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa. Kibali chake baba alikikunja ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, na bwana nyama wa wilaya alikuwa ameandika wazi kwamba turuhusiwe kupiga nguruwe wanaoharibu mazao, si mnyama mwingine. Pamoja na gobore baba alikuwa na kisu. Kilifuliwa na fundi wa Kibarabaig kutoka upande wa Hanang, kwa kipande cha springi ya gari, kikatiwa mpini wa pembe. Baba alikinoa kwenye jiwe la mtoni, akitema mate kidogo, akinoa tena, kisha akajaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake. Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa na sehemu laini kama ya mtoto.

Kwetu aliyepiga mnyama ndiye aliyempasua, na kwa kisu chake mwenyewe. Paja la kwanza alimpa mwenye shamba lililoliwa zaidi. Shingo ilikuwa ya wenye mbwa. Ini lilikatwa vipande pale pale korongoni, likachomwa juu ya moto wa vijiti, na watoto walioswaga walipewa kwanza kabla ya mtu mzima yeyote. Naomba mkumbuke kwamba nilikuwa na miaka kumi. Watu wazima waliwaza mahindi. Mimi niliwaza ini.

Kuswaga ndiyo ilikuwa kazi yetu sisi wengine. Watu walijipanga mstari mmoja juu ya korongo, wanaume, wanawake na watoto, wakateremka pamoja wakipiga madebe na kuwahimiza mbwa, ili nguruwe akimbilie upande wa chini. Kule chini, mahali kichaka kinapoishia na kijito kinapotoka, baba alikaa juu ya mwamba na gobore lake. Gobore lina risasi moja. Ukikosa, huna muda wa kushindilia nyingine. Na mwenye gobore, akiwa pale chini, hawezi kuona waswagaji wako wapi ndani ya kile kichaka. Kwa hiyo babu alikuwa ameweka utaratibu wa majina. Kila baada ya hatua kama hamsini, mstari ulisimama. Mtu wa kwanza kushoto alipaza sauti akitaja jina lake, wa pili akafuata, wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa kulia. Baba aliyapokea majina yale kule chini, moja moja, akajua kila mtu yuko hai na yuko wapi. Sheria ilikuwa hiyo tu: jina likikosekana, gobore linashushwa.

Mimi niliwekwa wa mwisho kulia, kwa kuwa nilikuwa mdogo na upande ule haukuwa na miiba mingi. Jina langu, Martina, ndilo lilikuwa la mwisho. Nililichukia. Kila mtu alitaja jina lake kwa sauti nene, kisha mwishoni kabisa kinatoka kisauti changu kama cha kifaranga. Binamu yangu Emanueli, aliyenipita mwaka mmoja na aliyesimama kabla yangu kwenye mstari, alikuwa akiniigiza kila mara.

Sasa niwaambie tulivyoshindwa mara ya kwanza.

Tuliwinda Jumapili, kwa sababu siku nyingine watu walikuwa mashambani au mnadani. Tulitoka kanisani, tukabadilisha nguo, tukaenda korongoni. Nguo tulibadilisha, lakini hakuna aliyefikiria mafuta. Mama alikuwa ametupaka mafuta ya waridi mimi na dada zangu usoni, shingoni, mikononi, miguuni mpaka magoti yanang'aa, kama ilivyopasa mtoto wa Kikristo anayekwenda mbele ya Mungu. Na si sisi tu. Nusu ya mstari ilinukia. Upepo ulivuma kutoka kwetu kuelekea chini, na nguruwe, ambaye haoni vizuri lakini pua yake haina mfano, alipokea waridi lote lile akiwa bado amelala. Kabla hatujapiga debe la kwanza, kundi zima lilitoka ubavuni mwa korongo na kupotea kwenye msitu wa upande wa pili.

Baba Mdogo Boay, mdogo wake baba na baba yake Emanueli, ndiye aliyegundua. Alininusa kichwani, akamnusa dada yangu, kisha akamgeukia baba aliyekuwa anapanda kutoka kule chini.

"Kaka, umeleta kwaya," alisema.

Watu walicheka, lakini si sana. Tulisimama pale wakitutazama sisi wasichana, nami nilitamani ardhi inimeze na magoti yangu yanayong'aa.

Jumapili iliyofuata tulikatazwa mafuta. Tulikwenda kanisani na ngozi nyeupe kama tumegaagaa majivuni, na mama aliinamisha macho ibada nzima. Tukateremka korongoni tukiwa na matumaini. Majina yakapita vizuri, kutoka kushoto hadi kwangu. Mbwa walianza kubweka kwa fujo, tukasikia kitu kikubwa kikivunja matawi, tukaelekea huko tukipiga madebe kama wazimu. Alipotoka chini mbele ya baba, hakuwa nguruwe. Alikuwa pongo, dume, na pembe zake zimejipinda, mgongo una madoa meupe kama ametoka kunyeshewa na mvua ya mawe. Alisimama. Watu wa upande wa kushoto, waliokuwa juu ya ukingo, walimwona wazi. Walimwona pia baba akiweka gobore magotini na kukunja mikono.

Pongo akaondoka akitembea. Hakukimbia hata kidogo.

Baba alieleza kwamba kibali kinasema nguruwe. Alieleza kwa upole, mara mbili, kama anavyoeleza mtu anayeamini wenzake watamwelewa wakisikia vizuri. Lakini watu walikuwa na mwezi wa pili hawajaonja nyama, na ile ilikuwa nyama imesimama yenyewe mbele ya mtutu. Baba Mdogo Boay alisema bwana nyama yuko mjini Mbulu anakunywa chai, na kwamba karatasi haina macho. Nami, nawaambieni ukweli, nilikuwa upande wa baba mdogo. Nilirudi nyumbani nikipiga mawe kwa kidole cha mguu. Niliona baba yangu ni mtu wa kutafuta sababu.

Wiki ile nguruwe walimaliza mistari ishirini ya shamba letu na zaidi ya hapo kwa jirani. Mama alianza kutwanga mahindi ambayo hayajakomaa, akisema bora tuyale sisi mabichi kuliko wayale wao. Chakula cha jioni kikawa na ladha ya majani. Baba alikinoa kisu kila jioni, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili ya tatu kulikuwa na ukungu. Kwetu ukungu wa asubuhi unaweza kukaa mpaka saa sita, mzito, ukakaa juu ya nywele kama unga. Tulisubiri upungue, tukaanza. Na ni hapo nilipofanya nilichofanya.

Nilikuwa nimechoka kuwa mwisho. Mara mbili nilikuwa nimepiga debe mpaka mikono ikavimba, na mara zote mbili mambo yote ya maana yalitokea chini, mahali nisipopaona. Niliwaza: safari hii lazima nione. Lazima nimwone akipiga, au nimwone akitafuta sababu. Pembeni mwa kulia palikuwa na njia ya mbuzi iliyozunguka kichaka kwa nje na kushuka hadi kijitoni. Majina yalipopita mara ya kwanza, nilitaja langu. Mstari ulipoanza kutembea, niliweka debe chini polepole, nikashika njia ya mbuzi.

Majina yalipopita mara ya pili, nilikuwa nimefika mbali. Nilimsikia Emanueli akitaja la kwake. Nilinyamaza. Niliogopa kwamba nikiita, sauti itatoka mahali pasipo pake na nitagunduliwa. Nikawaza kwamba hata hivyo mimi ni wa mwisho, baada yangu hakuna anayesubiri. Na kweli, hakuna aliyesubiri. Kila mtu kwenye mstari alisikiliza jina la aliyemtangulia tu ili ajue zamu yake, na baada ya Emanueli mbwa walianza kubweka, madebe yakapigwa, mstari ukaendelea.

Nilijilaza kwenye majani marefu ng'ambo ya kijito. Baba alikuwa mbele yangu, juu ya mwamba wake, kama hatua arobaini hivi. Kati yetu ndipo mdomo wa korongo ulipotokea. Ukungu ulikuwa umebaki vipande vipande, na nilimwona vizuri, koti lake la kijivu, kofia ya sufu, gobore likiwa tayari begani.

Nguruwe alitoka. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyowahi kufikiria, mwekundu wa kahawia, na nywele nyeupe za shingoni zimesimama. Alitoka mbio kisha akasimama ghafla, pale pale katikati, akanyanyua pua. Nilimtazama baba. Niliona tundu la mtutu, dogo, jeusi, duara kabisa, halitingishiki. Nikasema moyoni, sasa. Sasa, baba.

Hakupiga.

Nguruwe alisimama muda ambao ungetosha kusali Baba Yetu mpaka kwenye mkate wetu wa kila siku. Alikuwa amempa ubavu mzima. Kisha baba akashusha mtutu, taratibu, ukaelekea chini, na nguruwe akavuka kijito akipita karibu na mimi kiasi kwamba nilisikia pumzi zake, akaenda zake. Baba hakuwa hata amegusa kifyatulio. Niliona kwa macho yangu.

Nililia kwa hasira, nimeuma mkono ili nisisikike. Halafu nikarudi mbio kwa njia ya mbuzi, nikaokota debe langu, nikateremka na wengine kama mtu ambaye alikuwapo muda wote. Tulipofika kwenye mwamba, baba alikuwa amesimama, uso umempauka. Alituangalia mmoja mmoja. Aliponifikia mimi alinitazama kwa muda, kisha akakaa chini.

"Umemwona?" Baba Mdogo Boay aliuliza.

"Nimemwona."

"Sasa?"

Baba alipangusa mtutu kwa mkono wa koti. "Baruti imelowa," alisema. "Ni huu ukungu."

Mwanamke mmoja, jirani yetu ambaye shamba lake lilikuwa limeliwa karibu lote, aliweka debe lake chini, akalikalia, akajifunika uso kwa khanga. Kisu cha baba kilikuwa kiunoni, kimenolewa kiasi cha kunyoa, na siku hiyo hakikutoka kwenye ala yake. Hakikupasua tena mnyama yeyote. Baadaye mama alikichukua jikoni, akakatia kabichi.

Jumatatu shuleni niliwaambia wenzangu. Sikuweza kukaa nalo. Niliwaambia kwamba hakuna cha baruti wala ukungu, baba yangu alimwona nguruwe akaogopa. Sikusema nilijuaje, na hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa mtoto akimsema vibaya baba yake mwenyewe watu huamini mara moja. Emanueli alikuwepo. Kabla ya Ijumaa baba alikuwa na jina jipya. Walimwita Ukungu. Kwanza watoto kwa kunong'ona, halafu vijana, halafu watu wazima mnadani, kwa kicheko, kisha bila kicheko, kama jina la kawaida. Mzee Ukungu. Kwa Ukungu. Mama Martina wa Ukungu.

Mahindi yaliisha. Tulivuna viroba vitatu mahali tulipozoea kuvuna kumi na vitano. Baba alikwenda Gehandu kulima mashamba ya watu, akarudi baada ya miezi minne, mwembamba, na unga mgongoni. Gobore lilikuwa limeshahamia kwa Baba Mdogo Boay. Alilifuata mwenyewe, siku ya pili tu baada ya ule uwindaji, na baba alimpa bila neno, pamoja na kitabu cha nyimbo kilichokuwa na kibali. Tangu hapo nyumba mbili za ndugu wa tumbo moja, zilizotenganishwa na ua wa minyaa, zilisalimiana kama majirani waliokutana njiani.

Nilikua. Nilisoma, nikawa muuguzi, nikapangiwa Hanang. Nilimpenda baba yangu, lakini nilimpenda kama unavyompenda mtu unayemjua udhaifu wake. Mara nyingi, tukibishana juu ya jambo fulani, nilifikia mahali nikajisemea moyoni, ndiyo, wewe ni yule yule wa korongoni. Halafu nikamhurumia. Huruma ile sasa ndiyo inayoniudhi kuliko yote.

Mwaka jana tulikuwa na ibada ya kumkumbuka bibi. Baada ya chakula, Baba Mdogo Boay, ambaye sasa ana mvi na anatembelea fimbo, alikaa na vijana akiwasimulia mambo ya zamani. Akafika kwenye uwindaji. Baba alikuwa ndani na wageni. Baba mdogo aliwaambia vijana kwamba siku aliyolichukua lile gobore, alilitoa nje likiwa bado limeshindiliwa vile vile lilivyotoka korongoni, maana baruti ikishaingia haitoki isipokuwa kwa kulipua. Aliweka kopo juu ya kichuguu, akavuta.

"Likalia mara moja," alisema. "Kopo sikuliona tena. Baruti ilikuwa kavu kama unga wa dukani. Kaka alituongopea. Aliogopa."

Vijana walicheka. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Kwa kawaida ningecheka kidogo, kwa kuwa jambo hilo nililijua kabla yao wote. Lakini nilipokuwa nikivipanga vikombe niliiona tena ile picha niliyokuwa nayo miaka yote: baba juu ya mwamba, na tundu la mtutu, dogo, jeusi, duara kabisa. Nimeshafanya kazi na majeruhi. Nimeshawasikiliza askari wa wanyamapori wakieleza risasi ilitoka wapi ikaingilia wapi. Bunduki inayolengwa kwingine unaiona kwa ubavu, unauona urefu wake. Ukiliona tundu likiwa duara, inakutazama wewe.

Niliweka sinia chini.

Kesho yake nilimkuta baba nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi. Nilimwamkia, nikakaa, nikachukua hindi. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, yakapotea yote. Nikamuuliza tu kama siku ile ya ukungu aliniona.

Hakuuliza siku gani.

"Sikukuona," alisema. "Ningekuona ningejua pa kupiga. Jina lako halikuja. Emanueli alikuja, halafu kimya. Nikasubiri. Nikasema labda mbwa wamelifunika. Nguruwe akatoka, bado halijaja."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Alipukuchua hindi alilolishika mpaka likaisha, akatupa gunzi kwenye rundo.

"Niwaambie nini? Yule mama alikuwa amekalia debe analia. Ningesema Martina ametoka kwenye mstari, kila aliyekosa ugali mwaka ule angekutazama wewe. Ulikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa mtu mzima."

Nilimwambia kwamba ni mimi niliyesema shuleni. Kwamba lile jina lilitoka kwangu. Nilidhani hilo angalau hakulijua.

"Nilijua wiki ile ile," alisema. "Hukudanganya. Ulisema ulichokiona."

Ningependa kuwaambia kwamba tulikumbatiana. Kwetu watu hawakumbatiani hivyo. Tulimaliza kiroba cha mahindi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba ngozi ya vidole ilichubuka, hasira kwa mtoto yule aliyelala kwenye majani, na hasira kwa baba pia, kwa kuwa alikuwa amenichagulia bila kuniuliza, na nilikuwa nimeishi miaka hii yote nikimhurumia.

Jioni nilivuka ua wa minyaa nikaenda kwa baba mdogo. Nilimwamkia, nikamweleza kila kitu: njia ya mbuzi, jina nililolinyamazia, mahali nilipolala, tundu la mtutu. Alinisikiliza akichora ardhi kwa ncha ya fimbo. Aliuliza nilikuwa umbali gani nyuma ya nguruwe. Nikamwambia hatua kama kumi na tano, kwenye mstari mmoja na nguruwe na mtutu. Aliendelea kuchora mpaka kuku wakaanza kuingia bandani.

"Mimi ningepiga," alisema.

Hakusema kwa kujisifu. Aliniangalia tangu kichwani hadi miguuni, kama mtu anayehakiki kwamba nipo.

Jumapili iliyofuata, baada ya kutoka kanisani, alikuja kwetu. Kwa miaka yote ile alikuwa akimsalimia kaka yake "habari za hapa" kama anavyomsalimia mtu wa rika lake. Safari hii alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema shikamoo. Baba alinyanyua kichwa. Akaitika marahaba, akamwonyesha kigoda. Nilikuwa jikoni nimeshika chupa ya chai nikisubiri, nikijua kwamba sasa yatasemwa. Wakaongea habari za mvua. Wakaongea maharage yaliyopata kutu. Waliongea hadi chai ikaisha, na baba mdogo akaaga, na baba akamsindikiza mpaka mwisho wa ua, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu utoto. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka mmoja wao aseme neno moja lililo wazi ili nami nilie basi. Nilipomuuliza baba mbona hakusema kitu, alishangaa. Alisema wameongea vizuri.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Mtoto hudhani kuona ni kazi ya macho. Mimi niliona kila kitu siku ile, nguruwe, mtutu, kidole ambacho hakikuvuta, na sikuelewa hata kimoja, kwa sababu kilichokuwa muhimu ni sauti ambayo haikuwepo, na ilikuwa yangu. Wenye watoto mnaosoma haya, nawasihi msione haya kuwaeleza mambo. Najua baba alinikinga. Lakini wakati mwingine nafikiri ningeweza kubeba ukweli ule nikiwa na miaka kumi na mbili, au kumi na tano, na tungebaki na miaka mingi ya kuuongea.

Lile jina nimeshindwa kulifuta. Watu wazima waliolitumia kwa kicheko wengi wamefariki au wamehama, na waliopo hawajui kwamba ni utani, wanadhani ndivyo alivyobatizwa. Mwezi uliopita nilishuka kwenye basi mjini Mbulu nikachukua bodaboda kwenda nyumbani. Kijana wa pikipiki, ambaye siku ile ya korongoni hakuwa amezaliwa, aliniuliza naelekea kwa nani. Nikamtajia jina la baba yangu, la ubatizo na la ukoo. Alifikiria, akatikisa kichwa.

"Simjui huyo, mama."

Nikamwelekeza. Juu ya korongo, nyumba ya bati, ua wa minyaa.

"Ah, kwa Mzee Ukungu. Si ungesema. Wewe ni mtoto wake?"

Nikasema ndiyo, mimi ni mtoto wake. Nikavuta pumzi nimweleze, tangu mwanzo, taratibu, jinsi majina yalivyokuwa yakipita kutoka kushoto kwenda kulia. Alikuwa ameshawasha pikipiki.